Maini ya Pongo

Daktari wa hospitali ya misheni hakujua kupatana bei. Nilimjaribu pale kwenye baraza ya wodi ya wazazi, siku ya pili baada ya mke wangu kujifungua, na hakunipa hata upenyo.

"Damu yake iko chini sana," alisema. "Imemtoka nyingi wakati wa kujifungua. Ile ya kaka yake tumeshamwongeza. Ya kwako haipatani na yake. Kuna ndugu wengine?"

"Wapo, daktari, ila wako mbali. Huyu kaka yake tukimtoa tena nusu?"

"Tukimtoa tena nusu tutakuwa na wagonjwa wawili."

"Robo je?"

Aliniangalia kama mtu anayekagua debe linalovuja. "Bwana, hapa siyo sokoni. Vidonge tunavyo, tutampa. Kilichobaki ni chakula. Apate maini, kila siku, hata kidogo. Akila maini na mwili ukayapokea, tutakwenda vizuri. Asipokula..."

Hakumalizia. Akaitwa kitanda kingine, nikabaki nimesimama na ile sentensi mkononi.

Mke wangu nilimwona kupitia dirishani. Viganja vyake juu ya shuka vilikuwa na rangi ya unga wa muhogo, na alipozungumza midomo ilicheza bila sauti kutoka. Ndani sikuingia, kwa sababu mama mkwe alikuwemo, amempakata mtoto. Kwa desturi ya kwao Umatengoni, na kwetu ziwani vilevile, mume wa binti haketi chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, hali mbele yake, wala hamsemeshi ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye majani. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, aliyeingia kwenye majani nilikuwa mimi.

Basi nikatoka kwenda kutafuta maini.

Mimi ni mtu wa biashara. Nilikuwa nikipandisha usipa, wale dagaa wa Nyasa, kutoka ufukweni Mbaha mpaka milimani, nikiteremsha maharage na mahindi. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye miguu nikaongeza na mitumba. Kitu chochote ambacho mtu anacho, mimi najua kumfanya akione kizito kukibeba. Siku ile nilizunguka Mbinga mjini kama kishada kilichokatika uzi. Soko huria lilikuwa limetufikia. Madukani kulikuwa na sabuni za rangi tano, biskuti za nchi nisizozijua, betri za kila saizi. Kahawa ilinunuliwa na watu binafsi wenye mizani ya kuning'iniza na maneno laini, na chama cha ushirika kilikuwa kimebakiwa na mlango na kufuli lake. Kila kitu kilikuwa kinauzwa. Maini hayakuwepo.

Ng'ombe na mbuzi walikuwa karantini. Bucha zote zimefungwa, magogo ya kukatia nyama yamekauka. Nguruwe wa majumbani, ambao Wamatengo wanafuga sana, walikuwa wameteketea kwa homa tangu masika, wamezikwa kwenye mashimo na kumwagiwa chokaa. Kuku nilipata. Nilichinja majogoo wawili, na maini yao yote mawili yakaenea kwenye kijiko. Mama mkwe aliyapika, mke wangu akayala, nikaambiwa hajaongezeka hata rangi ya kucha.

Aliyetaja msitu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yule aliyetoa damu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali akinywa soda aliyopewa na masista, macho yamemwingia ndani.

"Juu ya Mkumbi kuna mzee ana gobore," alisema. "Ana leseni, na mwaka huu amelipia kibali cha kuwinda kwa bwana nyama. Nguruwe pori mmoja na pongo mmoja. Nguruwe pori maini yake yanajaa sufuria."

"Anauza?"

"Hauzi. Anawinda."

"Kila mtu anauza, shemeji."

Tulipanda. Kule juu mashamba ni ya ngolo, mashimo mashimo yaliyopangwa kwenye mteremko kama sega la nyuki, na kila ukoo una mgongo wake wa mlima unaoitwa ntambo, kuanzia kijito cha huku mpaka kijito cha kule. Ngolo zinapanda, zinapanda, halafu zinakoma. Zinapokoma ndipo ulipo msitu wa serikali, na juu ya msitu nyasi na mawe na ukungu. Pale si pa ukoo wowote. Mwenye kibali anaingia, mwenye njaa anaingia, na mnyama yuko kwake.

Mzee wa gobore alikaa kwenye nyumba ya mwisho kabisa, mahali ambapo hata kahawa inaona baridi. Alikuwa mfupi, ana ugoro kwenye mashavu yote mawili, na alikuwa hajamaliza kuitikia shikamoo yetu alipouliza nimeleta nini.

Nikafungua kifurushi. Nilikuwa nimebeba koti zito la mtumba, la sufu, lenye manyoya shingoni. Akalivaa. Lilikuwa la kike, vifungo vimegeukia upande mwingine, lakini sikuona sababu ya kumchanganya mzee wa watu.

"Linafaa," alisema. "Tukipata mnyama, kichwa changu, paja la kulia langu. Lingine lenu."

"Na maini yetu."

Akaacha kujitazama. "Maini hayateremki."

"Hayateremki vipi, mzee?"

"Mnyama akianguka, maini yanachomwa palepale. Wanaokula ni wale walioanguka naye kwenye miiba. Yakiteremka kwa wanawake, bunduki inapoa. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Wewe mtu wa samaki huwezi kujua."

Nikamweleza mke wangu. Nikamweleza daktari na sentensi yake. Shemeji akaongeza kwa Kimatengo maneno ambayo sikuyaelewa yote, ila nilisikia neno la damu mara nyingi. Mzee akatema ugoro.

"Pole yake. Lakini na mimi nina bunduki moja."

"Basi bunduki ipewe kidogo," nilisema. "Kipande. Yaliyobaki yateremke."

"Kipande kikubwa."

"Kipande cha kuonja."

"Kikubwa cha kuonja."

"Vua koti, mzee, tuone kama linarudi kwenye kifurushi."

Akacheka mpaka akakohoa. Hakulivua. Tukakubaliana kipande cha upana wa vidole viwili, na nikampimia kwa vidole vyangu, siyo vyake.

Asubuhi yake tukaingia msituni. Kiangazi kule juu ni baridi inayong'ata masikio. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani, unajaza mabonde, ukifika kwenye nyasi unasimama kama ng'ombe mlangoni. Mzee alitangulia na gobore lake begani, mimi katikati, shemeji nyuma. Kila baada ya mwinuko nilisikia shemeji ameketi.

"Vipi?"

"Nafunga kiatu."

Alikuwa amevaa ndala.

Gobore siyo bunduki ya sinema. Unamimina baruti mdomoni, unashindilia na kitambaa, unatia vipande vya nondo, unashindilia tena, kisha unapachika fataki nyuma. Unapata mlio mmoja. Mnyama akisubiri mpaka ujaze wa pili, basi huyo alikuwa amechoka na maisha. Na baruti ya mzee ilitosha mara mbili. Niliomba anionyeshe pembe aliyoihifadhia, nikachungulia, nikamrudishia, nikamwomba tena. "Haizaliani humo ndani," aliniambia.

Tulimwona pongo jua lilipoanza kutoboa. Dume, mgongo mweusi unaokwenda kwenye wekundu, madoa meupe ubavuni kama mtu amemrushia chokaa kwa vidole. Alikuwa anakula majani kwenye ukingo wa msitu, karibu kiasi kwamba niliona masikio yake yakifukuza nzi. Mzee akapiga goti. Akalenga. Mimi nilishaanza kuona sufuria.

Mkono wa shemeji ukashika mtutu.

"Huyu hapana," alinong'ona.

"Hapana nini?"

"Dada amejifungua juzi. Ananyonyesha. Mzazi wa kwetu hali pongo, mtoto atatoka madoa. Tumefuata nguruwe pori."

Kwetu ziwani pongo tunamfahamu akiwa ameshakuwa mishikaki. Sikujua habari ya madoa. Nikamtazama mzee nikitumaini atacheka. Hakucheka. Alikuwa ameshateremsha mtutu, kama mtu aliyekumbushwa kuvua kofia kanisani.

"Kijana anasema kweli," alisema. "Mke wangu katika kuzaa kwake kote hakumgusa."

"Lakini maini hayana madoa!" nilisema.

Nilisema kwa sauti ya sokoni. Pongo akabweka, kweli anabweka kama mbwa, na pale alipokuwa pakabaki jani linalotikisika.

Mzee alijifuta pua kwa manyoya ya koti. "Mtu wa samaki. Samaki wenu hawana masikio, eti?"

Hatukuona kitu kingine siku ile. Tulikuta mahali nguruwe pori walipofukua, udongo bado mbichi, mzee akauonja kwa kidole na kusema wamepita alfajiri. Tulifuata nyayo mpaka zikaingia kwenye miiba ambayo hata maji yasingepita. Tulilala kwenye pango ambalo mzee hulala akiwinda. Kila nilipofumba macho nilikuwa namwona mke wangu akichezesha midomo, nikijaribu kusoma anasema nini.

Kesho yake nguruwe pori walikuja wenyewe. Ilikuwa mapema, ukungu umelala kwenye nyasi, nikasikia kwanza kukoroma, kisha nikaona migongo. Jike kubwa na wenzake, wanashuka kwenye ngolo za mwisho kutafuta viazi. Shemeji alinibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Mzee akasubiri jike ligeuze ubavu. Likageuza. Akabonyeza.

Fataki ikalia, *pa*, kama mtoto aliyepasua jani. Kisha kimya. Moshi mdogo ulipanda nyuma ya bunduki na mbele hapakutoka kitu. Nguruwe waliinua vichwa wote kwa pamoja, wakatazama upande wetu, wakaondoka bila hata kukimbia sana.

"Ukungu," alisema mzee. "Umeingia kwenye baruti usiku kucha."

Alikaa chini. Akaanza kuichokonoa ile baruti iliyolowa kwa waya, kidogo kidogo, ikatoka kama uji wa ulezi. Tuliianika juu ya jiwe, lakini jua lenyewe lilikuwa la kuazima. Nikauliza kama itakauka. Nikauliza tena. Mzee akasema bunduki imesikia habari za maini yake kuteremshwa, ndiyo maana. Nilitaka kumjibu vibaya, ila lile koti lilikuwa limemlowa mpaka mapajani na alikuwa anatetemeka, mzee wa watu, kwa ajili ya mwanamke ambaye hajawahi kumwona.

"Imebaki ya mara moja," alisema. "Hii kavu nimeiweka kifuani. Ikiisha hii, tutawakimbiza kwa mikono."

Shemeji alijaribu kusimama, akayumba, akakaa tena. Safari hii hakusema habari ya kiatu. Nikampa usipa mkavu niliokuwa nao mfukoni, akautafuna na vichwa vyake, na akaniuliza, huku akitazama chini, "Shemeji, tukirudi tukakuta..."

"Usinimalizie na wewe," nilimwambia. "Daktari ameshanitosha."

Siku ya tatu ukungu ulifunguka mchana. Tulikuwa tumepanda mpaka juu kabisa, kwenye mawe, ambako ukisimama unaliona ziwa lote limelala chini kama bati jipya. Niliona mitumbwi kama vipande vya kiberiti. Niliwaza kuteremka moja kwa moja mpaka kwetu, nikae ufukweni, nisipokee habari yoyote kutoka mlimani. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Mzee akanigusa. Chini yetu, kwenye korongo lenye mianzi, pongo alikuwa amesimama kwenye maji. Sijui kama ni yule yule. Madoa yalikuwa yale yale.

Hakulenga. Alinitazama.

"Huyo si wa dada," shemeji alisema.

"Hakuna mwingine."

"Tusubiri jioni. Nguruwe watatoka."

"Baruti ni moja. Ukungu ukirudi jioni ikalowa hii, tumeshuka mikono mitupu. Dada yako anasubiri nini kule, kuota jua?"

"Mtoto wake je? Mjomba wake ndiye mimi. Akitoka na madoa watasema mjomba alikuwa wapi. Nilikuwa hapa, nimeshika mawe!"

"Mtoto akitoka na madoa ana mama wa kumwosha. Akikosa mama, ngozi safi ataipeleka wapi?"

Shemeji akaketi juu ya jiwe. Alikuwa kijana bado, na damu yake ilikuwa ndani ya mwili wa dada yake. Nadhani aliona kwamba anastahili kusema zaidi yangu, na ni kweli alistahili.

"Atakataa," alisema mwishoni.

"Basi akatae yeye. Mimi siwezi kumkatalia nikiwa juu ya mlima. Nitamwambia ni pongo. Sitamficha hata kidogo."

"Hutampata yeye," alisema shemeji, na akacheka kicheko kibaya. "Anayepika ni mama."

Hilo nilikuwa sijalipigia hesabu.

"Mnaamua," aliuliza mzee, "au nikapige usingizi?"

"Piga," nilisema.

Shemeji akageuza uso. Gobore likalia, korongo zima likajaa moshi na harufu ya yai bovu, na moshi ulipopungua pongo hakuwepo. Nilishuka nikiteleza kwa makalio, napasuka suruali, mzee nyuma yangu ananitukana kwa Kimatengo niende taratibu, pongo aliyejeruhiwa ana pembe. Tulikuta damu kwenye jiwe. Tulikuta nyingine kwenye jani. Kisha hatukukuta kitu. Tulizunguka kwenye mianzi mpaka jua likaanza kwenda upande wa ziwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuzungumza na Mungu kwa lugha ya sokoni, namtajia nitakachotoa na yeye hatoi jibu.

Aliyemwona ni shemeji. Aliketi kupumzika, akainua macho, na pongo alikuwa amelala mbele yake kati ya mizizi, ameshakufa, shingo imeelekea majini. Hakutuita. Tulipofika tulimkuta amevua kofia.

Mzee alipasua. Maini yalikuwa mekundu ya kuiva, yana joto, yalijaa viganja vyangu viwili na kumwagika pembeni. Alikata kipande chake, akakipitisha juu ya mtutu, akakichoma kwenye moto wa mianzi na kukila. Kilikuwa cha vidole vinne. Nilifunga yaliyobaki kwenye majani ya mgomba pori, nikaweka kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga shingoni ndani ya shati. Nyama nyingine nilimwachia yeye na koti lake, mapaja yote mawili na kilichobaki. Alishangaa kidogo kuona mtu wa sokoni anaacha mali. Nilishangaa na mimi, baadaye.

Kesho yake tulifika hospitali jua likiwa limepinda. Sikuuliza kwa mtu yeyote kama bado yupo. Niliogopa kuuliza. Niliangalia jiko la wauguzaji, lile banda refu la bati ambako ndugu wanapikia wagonjwa wao, na nikaona mgongo wa mama mkwe kwenye figa la mwisho, anakoroga uji. Mtu hakorogi uji wa marehemu. Nikaegemea ukuta wa nje.

Pale ndipo tulipofanyia biashara yetu. Mimi nje nimegeuzia ukuta mgongo, yeye ndani kwenye figa, bati moja kati yetu, na shemeji mlangoni kupeleka maneno. Kila neno langu alilisikia kabla shemeji hajalifikisha, na kila lake nililisikia, lakini tulifuata utaratibu.

"Mwambie Mama shikamoo. Mwambie maini yamepatikana."

"Mwambie marahaba. Ya nini?"

Shemeji alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa aseme.

"Ya pongo, mama."

Mwiko ukaacha kukoroga.

"Mwambie mume wa mwanangu," alisema taratibu, "mimi nimezaa tisa. Sijawahi kupika chenye madoa kwa mzazi, wala mama yangu hakunipikia. Ayapeleke kwa wanaume wenzake."

"Mwambie Mama daktari amesema maini. Hakutaja mnyama."

"Mwambie daktari anajua damu. Ngozi ya mjukuu wangu haijui."

"Mwambie apike mchuzi tu. Nyama tutaitoa."

"Mchuzi ni pongo aliyeyeyuka."

"Basi mtoto apewe maziwa ya kopo leo na kesho. Nitatafuta kopo."

"Kopo ndiyo limemzaa?"

"Kipande kimoja. Kidogo. Nusu ya kiganja cha mtoto."

"Mwambie anashusha kama anayeuza usipa uliolala," alisema, na wanawake wawili waliokuwa kwenye mafiga mengine wakacheka, wakaziba midomo. "Mwambie hili siyo jambo la kushusha."

Nilitafuta kingine cha kutoa. Nilijipapasa kichwani kote kama mtu anayepapasa mifuko. Mimi huwa na kitu cha mwisho ambacho sikitaji mpaka mwenzangu achoke. Hicho ndicho kilichonilisha maisha yangu yote. Siku ile hakikuwepo. Nilikuwa na maini yanayoanza kunuka chini ya shati langu na jua linalokwenda.

Nikaingia jikoni.

Nilisikia shemeji akisema, "Shemeji, hapana!" Wanawake wengine waliinuka kwenye mafiga yao. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, kwenye majivu, nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alikuwa na macho ya mke wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi ningejuaje.

"Mama," nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. "Sina la kuongeza. Nisaidie."

Alijifunika uso kwa upindo wa kitenge. Tulikaa hivyo, yeye amefunikwa, mimi kwenye majivu, uji unaungua na hakuna anayeuondoa motoni. Nilijua nimefanya jambo ambalo litazungumzwa Umatengoni mpaka wajukuu. Nilijua pia anaweza kunyanyuka na kuondoka, na akiondoka biashara imekufa.

Mkono wake ukatoka kwenye kitenge, kiganja juu. Nikauwekea ule mfuko.

Alifungua majani bila haraka. Aliyanusa, akayageuza, akakagua kama ninavyokagua mimi robota la mitumba kabla ya kulipa. Akakata kipande, akakiweka juu ya makaa, bila chumvi, bila chochote. Kilipokoma kulia akakitoa kwa vidole, na mbele ya wale wanawake wote akakitia kinywani mwake mwenyewe. Alitafuna kwa muda mrefu. Niliona koo lake likikataa, akalilazimisha.

"Kama ni madoa," alisema akigusa shavu lake, "yaanzie huku kwa mzee."

Kisha akanigeukia, kitenge bado nusu ya uso. "Na wewe toka. Huna adabu."

Nilitoka. Niliketi nje chini ya dirisha la wodi, mgongo ukutani, kama nilivyoamriwa. Sikuona kitu. Nilisikia vyombo vikija. Nilisikia mama mkwe akimwambia binti yake ukweli wote, kwamba ni pongo, na nani kamleta. Pakawa kimya, na katika ule ukimya niliuza kila nilichokuwa nacho na nisichokuwa nacho.

"Umekula wewe?" mke wangu aliuliza. Sauti kama karatasi.

"Nimekula."

Kijiko kikagonga bakuli. Kikatulia. Kikagonga tena. Baada ya muda mrefu nikasikia kikikwangua chini, ule mkwaruzo wa bati ambao siku nyingine huniudhi.

"Yamebaki?" alisema mke wangu, na neno lile nililisikia lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kulisoma kwenye midomo.

"Yamebaki," alisema mama mkwe. Kisha akasogea dirishani, na bila kumwambia mtu yeyote hasa, akitazama mbali kule kwenye kahawa, akasema, "Kuni ndizo zimeisha."

Nikanyanyuka, nikaenda kutafuta kuni.